Kituo ni Amana: Majina ya Vituo na Dhima ya Kusema Kweli katika Njia za Kibera na Kawangware

Utangulizi

Miji iliyojenga reli za chini ya ardhi imewazoesha wakazi wake imani moja: kwamba kituo ni mahali panapomngoja msafiri. London ilianza mwaka 1863, Paris ikafungua yake mwaka 1900, na Cairo ikawa ya kwanza barani Afrika mwaka 1987. Katika miji hiyo jina la kituo limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Treni husimama awepo au asiwepo mtu wa kushuka. Na mgeni asiyejua neno hata moja la lugha ya wenyeji aweza kuhesabu vituo kwa vidole vyake na akafika aendako bila ya kumuuliza yeyote.

Nairobi haina reli ya namna hiyo. Aghalabu mtu aendaye Kibera au Kawangware hupanda matatu, na katika matatu kituo hakimngoji mtu. Vichache vina vibanda. Vingi havina kibao wala alama. Hujulikana kwa sababu hutajwa. Kondakta huuliza, "Kuna mtu wa DC?" Sauti ikijibu kutoka nyuma, gari husimama, isipojibu, kituo hupitwa kana kwamba hakikuwapo. Mgeni asiyelijua jina hana budi kuuliza, na akishauliza amejitia mikononi mwa anayejibu.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo makala haya yanalishughulikia. Je, anayekijua kituo anadaiwa nini na asiyekijua? Na maadamu majina ya vituo yamehifadhiwa vinywani mwa watu wala si ukutani, anayeyachukua ili kuyatia katika ramani huyachukua kwa masharti gani? Hoja itakayotetewa ni kwamba kituo cha namna hii ni amana. Anayeuliza njia humwekesha mwenziwe nafsi yake kwa muda, na jina la kituo ndilo linalobeba wekesho hilo. Amana si mali ya anayeishika, wala si mali ya kila apitaye. Ina mwenyewe, ina masharti, na hudaiwa.

Neno na Maana Zake

Uchunguzi wowote wa suala hili hauna budi kuanzia katika neno lenyewe. Kituo latokana na kitenzi tua. Ndege hutua mtini, jua hutua magharibi, mpagazi hutua mzigo. Katika matumizi yote hayo kuna kitu kilichokuwa kikichukuliwa au kikijichukua, na sasa kimepumzishwa. Kwa asili yake, basi, kituo ni tendo kabla ya kuwa mahali: ni pale mzigo unapowekwa chini. Baadaye lugha ikalipanua neno likafaa kituo cha polisi, kituo cha afya na kituo cha kupigia kura, na hapo likaanza kuwa jina la jengo ambalo serikali imelisimamisha na ambalo raia hulifuata lilipo.

Wanafunzi wa ushairi wanalifahamu neno hili kwa maana nyingine. Katika arudhi ya Kiswahili, kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, pale ambapo fikra iliyobebwa na mishororo ya awali hutuliwa. Kuna kituo kinachorudiwa bila kubadilika toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ambacho pia huitwa kiitikio au kibwagizo; na kuna kituo bahari, kinachobadilika kila ubeti, ambacho msikilizaji hawezi kukitabiri bali hukingoja mtunzi akitamke. Tofauti hii yafaa kuwekwa akilini, kwa kuwa inaeleza kwa usahihi tofauti iliyopo kati ya reli na matatu. Kituo cha reli ni kiitikio: hurudi mahali pale pale, safari baada ya safari, hata kama hakuna wa kuitikia. Kituo cha matatu kinakaribia kuwa kituo bahari: njia ni moja, vina vyake vyajulikana, lakini pa kutua hupangwa upya kila safari na wale waliomo ndani.

Aidha, mjini Nairobi limezuka umbo ambalo sarufi sanifu hulikemea. Kauli ya kutendesha ya shuka ni shusha, hata hivyo abiria wa Nairobi husema, "Nishukishe hapo mbele." Mwalimu ataliona kosa, na huenda ana haki. Lakini sikio la mhakiki haliwezi kupuuza kwamba matumizi hayo yanatenga mambo mawili. Mzigo hushushwa; hauna hiari. Mtu hushukishwa: anasaidiwa kutenda tendo ambalo ni lake mwenyewe. Kama mgawanyo huo umekusudiwa au umetokea tu, umeigusa nukta muhimu ya kimaadili. Abiria anayeshushwa kama mzigo, mahali asipopachagua, ametendewa jambo ambalo lugha yake mwenyewe ilikwisha kulikataa.

Reli, Basi na Matatu

Kibera si mahali pasipo reli. Njia ya reli itokayo Nairobi kwenda Kisumu hupita katikati ya vijiji vyake, na stesheni ya Kibera imo katika safari za treni za abiria ziendazo Kikuyu asubuhi na jioni. Kwa wakazi wengi, hata hivyo, reli hiyo imekuwa njia ya miguu zaidi ya kuwa njia ya treni: hupita juu ya mataruma wakienda kazini na kuuza bidhaa kando yake. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliing'oa sehemu ya reli hiyo Kibera. Tendo hilo lilikuwa uharibifu, na hasara yake ilifika mbali hadi nchi jirani zinazotegemea njia hiyo. Lakini lilikuwa pia ufafanuzi wa kikatili wa hali iliyokuwapo: chombo kipitacho katikati ya watu bila ya kuwauliza hakikuonekana kuwa chao.

Historia ya matatu ni kinyume cha hiyo. Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934, ndiyo iliyoshika usafiri halali wa mji kwa miongo mingi. Matatu zilikuwa magari ya magendo, na jina lake huhusishwa na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu rasmi mwaka 1973. Zilirithi kutoka kwa mabasi nambari za njia: 8 ya Kibera, 46 ya Kawangware. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo umma huziita kanuni za Michuki kwa jina la waziri aliyezitunga, zilizitaka matatu ziwe na mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano na maandishi ya njia zinayofuata. Njia, basi, iliandikwa ubavuni mwa gari. Vituo vilibaki vinywani.

Kusoma Majina

Jina la kituo laweza kusomwa jinsi mhakiki anavyosoma matini, na njia ya 46 yatosha kuwa somo. Gari likitoka katikati ya mji hupitia Hurlingham na Yaya, likaukaribia mtaa wa Lavington, kisha likaingia Kawangware. Hurlingham na Lavington ni majina yaliyoletwa na walowezi kutoka Uingereza. Barabara kuu ya Hurlingham yenyewe ilibadilishwa jina ikaitwa Argwings Kodhek, kumkumbuka mwanasheria na waziri aliyefariki kutokana na ajali katika barabara hiyo Januari 1969; lakini mtaa na kituo vimeendelea kuitwa Hurlingham. Amri ya serikali ilibadilisha kibao. Haikubadilisha kile abiria anachomwambia kondakta.

Baada ya hapo majina hubadilika. Kawangware lenyewe huhusishwa na neno la Kigikuyu ngware, yaani kwale, ndege wa vichakani. Ndani yake kuna Gatina, kuna Kabiro, kuna Congo. Na kuna sehemu mbili ambazo majina yake ni nambari: Arubaini na Sita na Hamsini na Sita. Hapa jambo la ajabu limetukia. Kwa kawaida njia hupewa jina la mahali iendapo. Kawangware mahali pamepewa jina la njia ipafikiayo. Basi lilifika kabla ya kibao, na watu wakalichukua tarakimu lililobandikwa kwenye kioo cha mbele wakalifanya makao. Mtu husema anaishi Hamsini na Sita bila ya kuona kwamba amesema jambo la kuchekesha, wala hakuna anayemcheka.

Kibera yatoa somo lingine. Jina lake latokana na Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi, wazawa wa askari wa jeshi la kikoloni waliotoka Sudan, waliwekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Laini Saba husemwa kuwa ni kumbukumbu ya uwanja wa shabaha wa askari hao. Makina ni makazi yao hadi leo. Kisumu Ndogo na Soweto ni majina yaliyosafiri na watu au na habari: la kwanza limetoka ziwani na waliokuja kutafuta kazi, la pili Afrika Kusini, katika kitongoji ambacho uasi wa wanafunzi mwaka 1976 ulilifanya jina lake lijulikane duniani kote. Kituo cha DC kinaitwa kwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Baada ya Katiba ya 2010 utawala huo ulipangwa upya na cheo cha DC kikaondoka, kituo hakikuondoka. Hata Kibera yenyewe imerudishiwa umbo lake la Kinubi kwa upande mmoja: eneo bunge lililoundwa kwa uchaguzi wa 2013 linaitwa Kibra, ilhali gari na abiria wake bado huenda Kibera.

Mifano hii yathibitisha jambo moja. Jina la kituo halifuati amri wala halifuati ukweli wa sasa wa mahali. Hufuata matumizi ya watu wanaoshukia hapo. DC bila DC, Hurlingham bila barabara ya Hurlingham, msitu bila miti. Anayelijua jina hajui tu pa kushuka. Anajua jinsi jamii ilivyokubaliana kulikumbuka jambo. Ndiyo maana ramani ya majina rasmi pekee haimfikishi mgeni popote, na ndiyo maana hana budi kumtegemea mtu.

Dhima ya Anayejibu

Fasihi ya Kiswahili inamfahamu vema mtu aliye katika hali hii. Katika riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea Mswahili huondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari ya namna hiyo haiwezi kusimuliwa bila ya watu wa kuulizwa. Mhusika anayetafuta ni mhusika anayeuliza, na kila anayejibu ana uwezo, kwa neno moja, wa kuirefusha riwaya au kuifupisha. Kwa msomaji hilo ni suala la msuko. Kwa msafiri ni suala la usalama.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hiyo hunukuliwa kumtia moyo anayeuliza; ni mara chache hutajwa kwamba inamfunga pia anayejibu. Kama kuuliza si ujinga, basi anayeulizwa hana ruhusa ya kumtendea mwulizaji kama mjinga. Methali nyingine yasema mgeni ni kuku mweupe: huonekana kwa mbali. Mgeni ndani ya matatu huonekana kwa jinsi anavyochungulia dirishani kila gari linaposimama. Kondakta amemwona, abiria wenziwe wamemwona, mwizi naye, kama yumo, amemwona.

Yaweza kupingwa hapa kwamba neno amana limetukuzwa kupita kiasi. Kondakta ni mfanyabiashara. Amepokea nauli, naye anadaiwa safari. Hilo ni suala la mkataba, na halihitaji istilahi za kidini wala za kimaadili kulieleza. Pingamizi hili lina nguvu, na linaeleza sehemu ya ukweli. Lakini halielezi mambo mawili. Kwanza, gari linapogeuzia njiani kwa sababu ya msongamano, au kwa sababu waliobaki ndani ni wachache, abiria hurudishiwa pengine sehemu ya nauli na kuambiwa ashuke. Kwa hesabu ya mkataba deni limelipwa. Hata hivyo kila aliyekuwamo anajua kwamba mwenyeji na mgeni hawakutendewa sawa. Mwenyeji ameachwa mbali na kwake. Mgeni ameachwa pasipo na jina. Jina la kituo ndilo kitu pekee alichokuwa nacho, na sasa halimfai kitu. Noti iliyorudishwa mkononi mwake haiwezi kulipia hasara hiyo, hasa ikiwa usiku umeingia.

Pili, mkataba hauelezi tabia ya abiria wengine. Mama aliyeketi kando ya mgeni hakupokea nauli yake. Walakini ndiye anayesema, "Usijali, tutashuka pamoja," au anayemkemea kondakta aliyepita kituo: "Si huyu alisema Gatina?" Kama dhima ingetokana na nauli, mama huyo angenyamaza bila ya lawama. Lakini akinyamaza huku akijua kwamba mgeni amepitishwa, wote watamlaumu, naye atajilaumu. Hivyo chanzo cha dhima ni kule kuulizwa kwenyewe, au hata kule kusikia tu kwamba mwingine ameuliza.

Swali Linaloulizwa na Mwenye Panga

Kanuni hii ikishasemwa, hukabiliwa na jaribio zito. Kama anayejua anadaiwa ukweli na asiyejua, je, anamdaiwa kila aulizaye? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1797, alishikilia kwamba wajibu wa kusema kweli haupungui hata mbele ya muuaji anayeuliza kama rafiki yako amejificha ndani ya nyumba yako. Wengi wameisoma insha hiyo kama fumbo la darasani. Kibera na Kawangware haikuwa fumbo.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwaka 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoathirika vibaya; majirani walitengana kwa misingi ya kikabila, na kuna vijiji ambavyo mtu wa jamii fulani hakuweza kupita. Oktoba 2017, mara baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware nayo iliingia katika mapigano ya kikabila na mali ikachomwa. Katika siku kama hizo swali "Unashukia wapi?" hubadilika uzito. Jina la kituo, ambalo jana lilikuwa msaada, huwa ushahidi. Lafudhi inayolitamka huwa ushahidi wa pili. Na jirani anayeulizwa "Fulani anaishi upande gani?" hujikuta ndani ya insha ya Kant bila ya kuwa ameisoma.

Jibu la makala haya ni kwamba wajibu wa kusema kweli haukiukwi kwa kumnyima muuaji ukweli, kwa sababu muuaji hakuuliza njia. Alitamka maneno ya swali tu. Kuuliza njia, kama ilivyoelezwa, ni kujiweka mikononi mwa mwingine. Anayeuliza huku ameshika panga hakuweka chochote mikononi mwa mtu; yeye ndiye aliyewatia wengine mikononi mwake. Hakuna amana iliyotolewa, na pasipo amana hakuna khiyana. Kinyume chake, amana iliyopo ni ya yule aliyejificha, ambaye makao yake yanajulikana kwa jirani kwa sababu waliishi pamoja kwa uaminifu. Kumtaja ndiko kungekuwa khiyana.

Kutokana na jibu hili yapatikana kanuni iliyo sahihi zaidi kuliko ile ya awali. Dhima ya ukweli huongezeka kadiri anayeuliza alivyo dhaifu mbele ya anayejibu, na hupungua kadiri anayeuliza alivyo na nguvu juu yake. Mgeni wa usiku anadaiwa ukweli wote. Mwenye panga hadai kitu. Lakini katikati ya hao wawili yumo mwulizaji wa tatu, ambaye hakushika panga na wala si dhaifu, naye ndiye mgumu kuliko wote. Huyo ni mwenye kalamu na daftari.

Ramani Kama Mpokeaji wa Amana

Mwaka 1933 abiria wa London walipewa ramani ya Harry Beck, iliyoacha kuonyesha umbali halisi ikaonyesha mfuatano wa vituo tu. Januari 2014 Nairobi ilipata ramani ya aina hiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Marekani, katika mradi wa Digital Matatus, walikuwa wamepanda matatu wakiwa na simu mikononi, wakarekodi njia zaidi ya 130 pamoja na vituo vyake, na wakazichora kwa rangi kana kwamba ni njia za reli ya chini ya ardhi. Mwaka 2015 data hizo zikaingizwa katika ramani za Google. Kabla ya hapo, mwaka 2009, vijana wa Kibera walikuwa wameshiriki mradi wa Map Kibera, wakatembea katika vichochoro vyao na vifaa vya kupimia mahali, wakachora shule, zahanati, mabomba ya maji na vyoo. Waanzilishi wa mradi huo walieleza kwamba ramani za wakati ule ziliacha eneo hilo tupu au zikalionyesha kuwa msitu.

Hapo pana kinaya ambacho mhakiki hawezi kukipita. Wanubi waliliita msitu, na kwao jina hilo lilikuwa historia. Ramani ikaliita msitu, na kwake jina hilo lilikuwa sababu ya kutoona watu. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) alibuni nchi iliyo angani, ambayo ipo kwa kusadikiwa tu, na akaijaza watu, sheria na mashtaka. Waliochora Kibera bila watu walifanya kinyume: walikuwa na watu, wakachora nchi ya kusadikika.

Faida ya ramani mpya haifai kubezwa. Kuusifu ujuzi wa mdomo kana kwamba hauna kasoro ni anasa ya mtu ambaye hajawahi kudanganywa. Makondakta wengine hudanganya. Mwanamke anayefika usiku ana haki ya kujua kituo chake bila ya kuwatangazia abiria wote kwamba ni mgeni na anakwenda wapi. Kijiji kisicho katika ramani ni vigumu kukidaia bomba la maji au gari la wagonjwa. Kwa hiyo hoja si kwamba majina yangebaki vinywani. Hoja ni kwamba ramani, ilipoyachukua, ilipokea amana, na mpokeaji wa amana huwa na deni hata kama amepokea kwa nia njema.

Deni hilo lilionekana wazi Julai 2018. Ilikuwa imekusudiwa barabara ipite Kibera kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Palikuwa na makubaliano kwamba wakazi wahesabiwe na mpango wa kuwahamisha uandaliwe. Tarehe 23 Julai, kabla ya mpango huo kukamilika, matingatinga yakaingia. Nyumba, makanisa na shule zilibomolewa, na watu waliokadiriwa kufika 30,000 wakapoteza makao. Si makusudi ya makala haya kupinga barabara. Mji unahitaji barabara, na Kibera si tofauti. Kinachohusika ni mfuatano wa matukio. Watu waliulizwa majina yao na mahali pao. Walijibu. Kujibu kwao kulikuwa kuweka amana, kwa kuwa mwenye daftari aliwaahidi kwamba kuhesabiwa ndiko kutakakowalinda. Kisha jibu likatendewa kana kwamba halikutolewa.

Kwa kanuni iliyofikiwa hapo juu, mwulizaji wa namna hii ndiye mwenye nguvu, na anayejibu ndiye dhaifu. Hivyo mzigo wa dhima hugeuka. Katika matatu, anayejibu ndiye mdaiwa. Katika sensa, upimaji na utafiti, anayeuliza ndiye mdaiwa. Ofisi haiwezi kusema, "Nimeuliza tu." Kuuliza kwake ni tendo lenye matokeo, na kila jina lililoandikwa daftarini limeiongezea deni. Mwaka 2017 serikali iliwapa Wanubi hati ya ardhi ya ekari 288 kutoka katika zile 4,197 za mwaka 1918. Mtu aweza kuhesabu, kwa kutoa namba moja kutoka kwa nyingine, ni amana kiasi gani ilipotea katika karne moja; lakini aweza pia kutambua kwamba hata sehemu ndogo iliyorudishwa ilirudishwa kwa sababu kuna watu waliolishika jina la mahali kizazi baada ya kizazi, wakikataa kulisahau.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kituo katika njia za Kibera na Kawangware ni neno kabla ya kuwa mahali, na kwamba neno hilo hubeba wekesho la mtu aliye katika hali ya kutegemea. Imeonyeshwa pia kwamba wajibu wa ukweli hautokani na nauli wala haumhusu kila atamkaye swali. Hutokana na udhaifu wa anayeuliza, na pale nguvu inapokuwa upande wa mwulizaji, wajibu humgeukia yeye.

Matokeo ya hoja hii kwa taaluma ya fasihi si madogo. Idara za Kiswahili zimekusanya ngano, methali na nyimbo kwa miaka mingi, na mara nyingi msimulizi amebaki kuwa umri, jinsia na kijiji katika ukurasa wa mwisho wa tasnifu. Majina ya vituo ni fasihi simulizi kama zilivyo methali: hayana mtunzi anayejulikana, hubadilika, na yamebeba tafsiri ya jamii kuhusu historia yake. Yanastahili kukusanywa kabla barabara mpya hazijayafuta. Lakini mwanafunzi atakayepanda namba 8 au 46 na daftari mkononi aelewe kwamba ameingia garini akiwa na sura mbili. Akiuliza pa kushuka, yeye ni mgeni na wote waliomo wanadaiwa naye. Akiuliza ili aandike, yeye ndiye anayedaiwa nao, na deni hilo halimaliziki kwa kutetea tasnifu. Hulipwa kwa kurudi Gatina, Makina au Laini Saba kuwaonyesha waliojibu kile kilichoandikwa, na kwa kukubali wasahihishe.